Mkaguzi ni mbwa wa ulinzi? Basi abweke!

Najua wengi mko bize na testi na boom lenyewe ndiyo hivyo tena, lakini hili nimeshindwa kulinyamazia. Hapa chuoni tumemaliza kongamano la siku mbili kuhusu ukaguzi wa mahesabu, utafiti na viwango vya kimataifa. Wakubwa wamepata mikoba, kalamu na vyeti. Sisi tunaosomea fani hiyo hiyo tuliambiwa hakuna kiingilio cha mwanafunzi, tukapenya siku ya pili kwa vile viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Ila kiingilio siyo ugomvi wangu. Ugomvi wangu ni yale niliyoyasikia humo ndani.

Kila mtoa mada akibanwa na swali alijificha kwenye kauli moja: mkaguzi hayupo kwa ajili ya kutafuta wizi. Mmoja akatukumbusha kesi ya Kingston Cotton Mill ya Uingereza, 1896, ambapo Jaji Lopes alimfananisha mkaguzi na mbwa wa ulinzi, siyo mbwa wa kunusa nyayo za mwizi. Watu wakacheka, makofi, tukaenda kunywa chai.

Jamani, tuitazame hiyo kesi yenyewe. Meneja wa kiwanda alikuwa anaikuza thamani ya mali iliyoko stoo, mwaka baada ya mwaka, ili faida ionekane nono. Wakaguzi wakapokea cheti chake na kukiamini, na mahakama ikaona hawana kosa. Haya, hiyo ilikuwa 1896. Sasa rukeni hadi Juni 2020, Ujerumani, kampuni ya Wirecard. Euro bilioni 1.9 zilizokuwa kwenye vitabu hazikuonekana. Zilidaiwa kuwa kwenye benki mbili za Ufilipino, na benki zenyewe zikasema huyo siyo mteja wetu! EY walikuwa wameyakagua mahesabu hayo kwa takriban miaka kumi. Mwaka 2023 mamlaka ya kusimamia wakaguzi huko Ujerumani ikaitoza EY faini ya euro 500,000 na kuipiga marufuku ya miaka miwili kuchukua kazi mpya za kukagua makampuni yenye maslahi ya umma.

Na sisi tunaokariri ISA 505 usiku kucha kwenye vimbweta tunajua inahusu nini: mkaguzi kuuliza nje ya kampuni, benki ikiwemo, na kujibiwa yeye mwenyewe moja kwa moja. Kwa hiyo kiwango kilikuwepo. Kilichokosekana siyo karatasi.

Hata hiyo kauli yao ni nusu ya ukweli. Ni kweli ISA 240 inasema jukumu la kwanza la kuzuia na kugundua udanganyifu ni la uongozi wa taasisi. Watoa mada wetu wanafunga kitabu hapo. Lakini kiwango kinaendelea: mkaguzi anatakiwa apate uhakika wa kuridhisha kwamba mahesabu hayana upotoshaji mkubwa, uwe umetokana na makosa au udanganyifu, na awe na shaka ya kitaaluma muda wote wa kazi. Toleo jipya lililotolewa 2025, kwa mahesabu ya vipindi vinavyoanza 15 Desemba 2026 na kuendelea, linambana zaidi. Siku mbili nzima za viwango vya kimataifa, sikusikia mtu akilitaja.

Nakubali, mkaguzi siyo malaika. Wakubwa wakila njama na kughushi nyaraka kwa ustadi, anaweza kupitwa. Lakini kupitwa baada ya kuuliza ni kitu kimoja, na kutouliza ni kingine. Mfano tunao hapa nyumbani, EPA. Ukaguzi maalum wa Ernst & Young kwenye akaunti ile ya Benki Kuu, kwa mwaka 2005/06, ulibaini zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa makampuni 22, na Januari 2008 gavana akaondolewa kazini. Mkaguzi alipotumwa kunusa, alinusa na harufu akaipata! Sasa kwa nini tufundishwe kwamba pua siyo sehemu ya kazi?

Jibu langu ni pesa. Anayekaguliwa ndiye anayelipa. Mwaka 2000 Arthur Andersen walipokea kutoka Enron dola milioni 25 za ukaguzi na dola milioni 27 za ushauri. Mwaka uliofuata Enron ikafilisika. Mbwa anayelishwa na mgeni hambwekei mgeni. Hilo ndilo lilipaswa kuwa mada ya kwanza, lakini nani angelileta wakati waliokaa meza kuu ni hao hao wanaotegemea wateja hao hao?

Na utafiti je? Mada nyingi zilikuwa madodoso yaliyopelekwa kwa wakaguzi kuwauliza kama wanazingatia viwango. Unategemea aseme hapana? Tanzania ilianza kutumia ISA mwaka 2004. Tuna miaka zaidi ya ishirini ya ripoti za CAG zilizosheheni hoja, zimekaa zinasubiri mtafiti. Na yote yalisemwa kwa Kiingereza cha mkogo, kana kwamba mama mwenye akiba yake kwenye SACCOS hahusiki. Wakati hati safi inaandikwa kwa ajili yake yeye asiyeweza kuingia stoo kuhesabu!

Kwa hiyo hoja yangu ni fupi. Kongamano lijalo waje na EPA na Wirecard mezani, waseme nani amlipe mkaguzi, na waliokula hasara wapewe kipaza sauti. Wadau wa uhasibu, kesho kutwa ni sisi tutakaosaini hizo hati. Mteja wako mkubwa akikupa cheti chake na bahasha ya ada, utauliza benki au utasaini? Nasubiri nondo zenu.