Mkanda Haupigani

Kijana aendaye kwa mwalimu wa karate mara mbili kwa wiki, saa moja u nusu kila mara, hupata saa 3 katika saa 168. Kisha hulalama mkanda mweusi wakawia! Gichin Funakoshi, aliyeionyesha karate Tokyo mwaka 1922, aliwahi kutumia miaka kumi kujifunza kata tatu tu.

Aliyehifadhi Kurani aijua siri hii: juzuu isiyodurusiwa hutoroka. Mwili nao una hifadhi yake. Robo saa kila alfajiri, baada ya sala, ni saa 1 na dakika 45 kwa wiki, bila ada wala nauli. Asiyedurusi akitegemea mkanda, ataumizwa njiani. Mkanda hununuliwa dukani. Wepesi wa mkono hauuzwi.