Siku ya Kliniki Si Siku ya Kujificha



Mwenzetu akiwa mjamzito na ana siku yake ya kliniki, mtaa mzima tunajua. Anashika kadi mkononi, anapanda daladala, na jirani anamwombea dua. Lakini mwenye siku yake Kidongo Chekundu anaaga kuwa anakwenda Darajani kununua kitambaa. Anamficha nani? Anatuficha sisi.

Tuseme kweli. Katika kundi letu la mafundi cherehani tulikuwa na mwenzetu anayetumia dawa za sonona. Alikuwa ameshapata nafuu, anashona, anacheka. Ulipoingia Ramadhani tukamwambia aache vidonge azidishe Qur'ani, eti dawa ni udhaifu wa imani. Tulidhani tunamsaidia. Kabla ya Sikukuu alikuwa halali, hali chakula, wala hataki kumshika mwanawe. Alhamdulillah, alirudi hospitali na sasa hajambo. Lakini lile neno letu linatuuma mpaka leo.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kujitibu, kwani kila maradhi yana dawa yake kutoka kwa Mola. Kisomo na kidonge havigombani. Basi siku ya kliniki tuikabili hivi.

Kabla ya kutoka nyumbani, tia mkobani kadi yako na pakiti za dawa zote unazotumia, hata za uzazi wa mpango na za mitishamba. Andika kwenye karatasi usingizi ulivyo, hamu ya kula, na dawa inavyokufanya. Mbele ya daktari mtu husahau. Nenda na mtu unayemwamini, ila una haki ya kuomba kuzungumza na daktari peke yako.

Usiondoke bila ya kuuliza: dawa hii inaitwaje, naimeza saa ngapi, italeta maudhi gani, na nirudi lini? Dawa nyingi za sonona huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu nzuri, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tatu. Na ukipata nafuu, usiache ghafla. Hata ukijigundua una mimba, mwone daktari kwanza.

Kuhusu funga, nenda ukaulize kabla ya mwezi kuandama. Dawa nyingine huweza kupangwa kati ya futari na daku. Anayetumia lithiamu awe mwangalifu zaidi, maana mwili ukipungukiwa na maji dawa hiyo huzidi katika damu. Daktari akisema usifunge, usione haya. Mgonjwa ameruhusiwa na Mola wake mwenyewe.

Na mtu akisema hataki tena kuishi, tusimwambie "muogope Mungu" tukaondoka. Tusimwache peke yake, tuondoe vidonge na sumu karibu yake, tumpeleke hospitali iliyo karibu siku ile ile. Tusingoje tarehe ya kadi.

Sisi wengine tuna kazi yetu pia. Shoga yako akikwambia kesho ana kliniki, usiinamishe sauti kumuuliza kuna nini. Muulize watoto wataachwa kwa nani, na kama nauli anayo.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na sisi atupe ndimi zenye heri. Amin.