TAHARIRI: GURUDUMU LA NYUMA SIYO LA KUAZIMANA



Msimu wa maharage umefika tena, na pikipiki ndiyo punda wetu. Kutoka shambani mpaka ghalani, kutoka ghalani mpaka barabara kuu, na mgonjwa akizidiwa usiku, ni hiyo hiyo pikipiki. Kwa hiyo jambo linaloihusu siyo la vijana wa kijiweni peke yao. Linatuhusu sote.

Siku hizi imezuka tabia. Rimu ya nyuma ikipinda, au spoki zikikatika, au tairi likiisha, kijana hatafuti la saizi yake. Anaangalia nani ana pikipiki mbovu nyuma ya nyumba, anachomoa gurudumu lile, analipachika kwenye ya kwake, anawasha, huyo anaondoka. Ukimwuliza anakujibu, "Si limeingia, mzee?" Kweli limeingia. Lakini kuingia ni kitu kimoja na kukaa sawasawa ni kitu kingine. Kesho yake utamsikia analalamika: pikipiki inamvuta upande, usukani umekuwa mwepesi kama unataka kumponyoka, mteremkoni nyuma inayumba kama mlevi. Hapo lawama zinakwenda kwa shokapu, kwa fundi, na wengine wanasema ati imerogwa.

Tunadhani mazoea haya tumeyarithi kwenye baiskeli. Wazee waliopanda Phoenix na Swala, ile ya kiwanda chetu cha NABICO, wanakumbuka kwamba karibu zote zilikuwa za 28. Gurudumu la jirani ulilichomoa asubuhi, ukaenda gulioni, jioni ukalirudisha. Hakuna kilichoharibika. Pikipiki haiko hivyo.

Someni ubavu wa tairi, imeandikwa. Boxer na TVS nyingi za huku kwetu zinavaa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipimo cha rimu. Zile za Kichina zenye muundo wa CG, nyingi zinavaa rimu ya 18. Sasa chukua gurudumu la 18 uliweke nyuma ya pikipiki ya 17. Inchi moja ni kitu gani, utasema. Nyuma inanyanyuka kama sentimita moja na robo. Nyuma ikinyanyuka, foku za mbele zinasimama wima zaidi, na gurudumu la mbele linapoteza sehemu ya ile tabia yake ya kujirudisha lenyewe katika mstari. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi. Kwenye lami huenda usigundue. Kwenye changarawe, na abiria nyuma, utagundua.

Tena gia inakuwa ndefu. Gurudumu kubwa linakwenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, kadiri ya asilimia 4, basi kilima ulichozoea kukipanda na gia ya pili sasa injini inalia na unashuka ya kwanza. Na stendi ya pembeni inakuwa fupi. Pikipiki inalala mno, na ikiwa na gunia juu inaanguka yenyewe uwanjani. Jambo hili tumeliona hapa hapa mbele ya ghala zaidi ya mara moja, watu wakacheka. Siku itakapomwangukia mtoto hakuna atakayecheka.

Wengine hawabadili rimu, wanahamisha tairi tu. La nyuma likiisha wanachukua la mbele, 2.75, wanalivalisha nyuma. Hapa tunaomba tuelewane vizuri, maana hesabu yake inatisha. Baada ya saizi, ubavuni kuna namba nyingine ndogo na herufi. Tairi la 2.75-17 mara nyingi limeandikwa 41P, na la 3.00-17 limeandikwa 50P. Namba 41 maana yake tairi linabeba kilo 145, mwisho. Namba 50 ni kilo 190. Haya, gunia la maharage kilo 100, na limefungwa juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Dereva wa kilo 65, karibu theluthi mbili ya uzito wake ipo nyuma. Pikipiki yenyewe inaweka nyuma kama kilo 60. Jumlisheni. Tumeshapita 200! Yaani hata tairi lenye haki yake limezidiwa, sembuse la mbele. Na kilo hizo 190 ni kwa tairi lililojaa upepo kamili, siyo lile unalolibonyeza kwa kidole gumba ukasema "linatosha".

Upepo huo nao tuuseme. Pikipiki nyingi za aina hii zinataka nyuma kati ya 28 na 33 ukiangalia kwenye kipimo, namba ya juu ukiwa na abiria au mzigo. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja ubavuni, nyuma inaogelea, na dereva anadhani bushi zimekufa. Ananunua bushi. Hali haibadiliki.

Kuna na wale wanaopenda tairi nene, hasa lile lenye meno makubwa wanaloliita kashata. Kwenye tope la masika linafaa, hatubishi. Ila rimu nyembamba inalibana, mgongo wake unachongoka, na pikipiki haitulii ikiwa imelala konani. Pengine linagusa cheni au mkono wa nyuma. Tope likijaa kati yake na madigadi linakuwa breki ambayo hukuikanyaga. Na tangu lami ianze kuwekwa kwenye njia ya Manyovu, Kasulu, Kibondo hadi Kabingo, vijana wanatoka kwenye tope wanaingia lami kwa mwendo ule ule. Meno yale juu ya lami yanacheza, hasa ikilowa, na kusimama kunachukua nafasi ndefu. Afadhali tairi la kawaida la saizi yake lenye mifereji mizuri.

Tusije tukawatisha bure, kwani kuna mabadiliko ambayo si ubovu. Tairi la zamani linalika katikati mpaka linakuwa bapa kama kigae. Ukivaa jipya la saizi hiyo hiyo, pikipiki inalala konani upesi kuliko ulivyozoea. Hiyo ni sawa, ndivyo ilivyokuwa ilipotoka dukani. Jipya pia linateleza mwanzoni mpaka ngozi yake ya juu ilike kidogo, basi siku mbili tatu za kwanza nenda taratibu na usibebe.

Kwenye kufunga ndiko penye hatari kubwa kuliko zote. Ile sahani ya breki ya nyuma inashikiliwa na fimbo ya chuma iliyofungwa kwenye mkono wa pikipiki. Gurudumu la kuazima mara nyingine tundu lake halilingani, na fundi wa haraka anaiacha fimbo inaning'inia, au anaifunga kwa waya. Kwa waya, ndugu zangu! Siku utakapokanyaga breki kwa nguvu, sahani nzima itazunguka pamoja na gurudumu, nyuma itakamata ghafla, na abiria wako atatangulia kufika. Kama fimbo haifungiki kwa boliti na nati yake, gurudumu hilo halikufai. Litoe.

Halafu mstari. Alama zilizoko kwenye vikaza cheni zilingane kulia na kushoto. Usiziamini sana, chukua kamba. Funga kamba nyuma ya tairi la nyuma, vuta ncha zote mbili mpaka mbele, moja kila upande, ziguse ubavu wa tairi la nyuma mbele na nyuma. Usukani ukiwa umenyooka, nafasi kati ya kamba na tairi la mbele iwe sawa pande zote. Ikizidi upande mmoja, pikipiki inatembea kama kaa, na huko ndiko kuvutwa upande kunakotoka. Angalia pia kama spoketi ya gurudumu lile iko mstari mmoja na ya injini, kwani habu za aina tofauti hazilingani. Spoki zigongwe kwa spana moja moja. Inayotoa sauti ya chungu kilichopasuka imelegea. Rudieni baada ya siku chache.

Mtatuambia tairi ni ghali. Tunajua hali ya mifuko, na tunajua Kasulu siyo mlango wa pili. Ndiyo maana tunaunga mkono pendekezo lililoletwa kwa halmashauri ya ushirika: tununue tairi za 3.00-17 kwa jumla pamoja na tyubu zake, mwenye kuhitaji achukue sasa na kukatwa kwenye mauzo ya maharage. Wapo waliosema kwenye mkutano kwamba wao hawana pikipiki, kwa nini fedha yao iende kwenye matairi. Tunawauliza kwa heshima: maharage yenu yanafika barabarani kwa nini? Kwa kichwa? Na mke akishikwa na uchungu usiku wa manane, mnamwita nani?

Pia tunaona gunia la kilo 100 lisipakiwe tena kwenye pikipiki kutoka ghalani. Mtunza ghala afungashe ya kilo 60. Safari zitaongezeka, ndiyo, na mafuta vile vile. Bado ni nafuu kuliko kulipia rimu na hospitali.

Pampu ya mguu yenye kipimo ipo ghalani, bure kwa kila mtu, hata asiye mwanachama. Wenye pikipiki waandike kwenye karatasi saizi ya tairi zao kama ilivyo ubavuni, zote mbili, wamkabidhi katibu kabla ya mkutano mkuu ili hesabu ya manunuzi isiwe ya kubahatisha. Na wale wenye magurudumu ya watu wayarudishe.