Mangwe Njema ni Ile Iwezayo Kukukatalia



Likizo ni haki ya askari kama ulivyo mshahara wake, na kila mwaka wako miongoni mwetu wanaofunga safari pamoja na jamaa zao kwenda kuiona bahari. Njia inajulikana: basi hadi Nairobi kupitia Busia au Malaba, kisha gari moshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, mpaka Mombasa. Watoto huogelea, mama hununua leso, na jua linapoanza kuinama baba huuliza swali ambalo limekwisha kufika mezani petu mara nyingi: je, huku Pwani mtu mwenye heshima zake aende kunywa wapi?

Tungetaka kujibu kwa wepesi tungetaja mahoteli ya ufukweni, yenye taa za rangi na bei za kumtoa mtu jasho. Lakini mahoteli ya namna hiyo yako kila nchi. Nchi za mizabibu zina nyumba zao za divai. Pwani ya Kenya haina mizabibu. Ina minazi, na divai yake ni tembo, ambalo wenyeji huliita mnazi tu. Mahali pa kulinywea huitwa mangwe. Juma hili tutazame jinsi mgeni anavyoweza kuitambua mangwe njema, na kwa nini utambuzi huo unawahusu askari na polisi kuliko watu wengine.

Kwanza tulijue tembo lenyewe. Mgema hupanda mnazi kwa vipandio vilivyochongwa shinani, kibuyu kiunoni na mkononi kotama, yaani kile kisu chake cha kugemea. Huko juu haendei nazi, bali karara, kifuko cha maua ambacho bado hakijafunuka. Hulifunga, akalichonga ncha, na utomvu ukaanza kudondoka katika kibuyu alichokitungika hapo. Hurudi asubuhi na jioni, na wengine adhuhuri pia, ili kuteremsha kilichopatikana na kuchonga ncha upya, kwa maana kidonda kikikauka utomvu nao hukoma. Karara lililogemwa halizai nazi, hivyo kila kibuyu cha tembo ni nazi ambazo mwenye shamba amekubali kuzikosa. Na kila kibuyu ni safari ya mtu aliyepanda juu ya mti mrefu, pasipo kamba ya kumshika akiteleza. Tutalirudia jambo hili.

Utomvu unaposhuka ni mtamu, na hata mtoto angeweza kuunywa. Lakini hamira iliyomo hewani na ndani ya kibuyu huanza kazi papo hapo. Baada ya saa chache tembo tamu limekwisha kuwa kileo. Kufika jioni hupata ukali wa asilimia 4 au 5 hivi, karibu sawa na bia. Likilala siku moja au mbili huchachuka na kugeuka siki, likafaa jikoni tu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya tembo na divai. Divai husifiwa kwa umri wake, na tembo husifiwa kwa kuwa ni la leo. Basi mangwe haiwezi kuwa njema kama iko mbali na minazi.

Minazi hiyo iko wapi? Nchi ya tembo ni nchi ya Wamijikenda, yale makabila tisa yanayokaa nyuma ya ufuo tangu Kwale upande wa kusini hadi Kilifi upande wa kaskazini. Rabai na Kaloleni ndiko kunakosifika zaidi. Atokaye Mombasa kwa barabara ya Nairobi hufika Mazeras, akakata mkono wa kulia, akapita Rabai na kuendelea hadi Kaloleni. Safari hiyo yafaa kwa jamaa nzima, kwa sababu Rabai ndipo wamisionari Krapf na Rebmann walipoweka kituo chao katika miaka ya 1840, na hadi leo pana makumbusho. Karibu na hapo iko misitu ya kaya, makao ya kale ya Wamijikenda, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Aliyefikia kaskazini ya Mombasa atazikuta mangwe pande za Mtwapa, Kikambala na Kilifi. Aliyefikia kusini atazikuta Ukunda na Msambweni.

Usitafute kibao mlangoni, maana mangwe nyingi hazina. Utaona kibanda cha makuti au kivuli cha mwembe, mabenchi ya mbao na watu wazima wanaozungumza kwa sauti ya chini. Muulize mwenyeji kwa adabu, na ukifika uamkie wazee kwanza kabla ya kuuliza bei. Kumbuka pia kwamba Pwani ni nchi ya Waislamu wengi. Si vyema kuulizia mangwe mbele ya msikiti wala kupita na chupa ya mnazi katika vichochoro vya Mji wa Kale. Katika mwezi wa Ramadhani, haya ya mgeni na izidi maradufu.

Sasa tuzitaje alama za mangwe njema.

Alama ya kwanza ni kwamba muuzaji, ambaye mara nyingi ni mama wa makamo, anamjua mgema wake na anaweza kukuambia tembo lilishuka saa ngapi. Akisita, shukuru uende zako. Sote tunaijua methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumezoea kuitumia kuonya watu wapendao sifa, lakini imetoka mangweni na maana yake ya kwanza ingali ya kweli kabisa. Tembo lililotiwa maji huharibu ladha, na maji yenyewe huenda yametoka kisima kisicho safi.

Alama ya pili ni usafi. Tembo huvuta nyuki na wadudu wadogo, basi sharti lichujwe. Wenyeji wengi hunywa kwa mrija wenye chujio la nyuzi, jambo ambalo halitamshangaza mtu wa kwetu aliyezoea mirija ya malwa. Mrija na uwe wako, au uwe umeoshwa mbele ya macho yako.

Alama ya tatu ni chakula. Mangwe njema ina jirani anayechoma muhogo na kuupaka ndimu na pilipili, au anayekaanga samaki au viazi. Mtu aliyekula hunywa polepole, akaondoka kwa miguu yake mwenyewe.

Alama ya nne ni kwamba hapauzwi kitu kingine kwa siri nyuma ya kibanda. Hapa sina mzaha. Tembo huchachuka lenyewe na ukali wake una mpaka. Pombe ya kukenekwa haina mpaka huo, na watu waovu huizidishia ukali kwa methanoli, kemikali ya viwandani inayopofusha macho na kuua. Kwetu Uganda, mwaka 2010, makumi ya watu walikufa katika wilaya ya Kabale kwa waragi iliyotiwa sumu hiyo. Nchini Kenya, mwezi wa Mei 2014, makumi wengine walikufa katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo. Sumu hii haionekani kwa macho wala haitambulikani kwa ulimi. Mtu akinywa kisha akaona ukungu machoni, akatapika na kuumwa tumbo, apelekwe hospitali saa ile ile. Asiachwe alale kwa kudhani ni ulevi utakaopita.

Alama ya tano ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mangwe njema ni ile ambamo mtu anaweza kukataa. Mama muuzaji aweza kumwambia mnywaji, "Baba, inatosha, nenda nyumbani," na mnywaji akaondoka bila kinyongo. Na mnywaji naye aweza kusema, "Mimi basi," wala asichekwe na wenzake.

Msidhani hili ni jambo dogo. Kwa Wagiriama tembo si kinywaji cha starehe tu. Humwagwa chini kwa ajili ya wazee waliotangulia, huwamo katika mahari, huletwa matangani, na zamani mtu aliponunua minazi au shamba, wazee walionywa pamoja naye ndio waliokuwa mashahidi wake. Mtaalamu wa Kiingereza David Parkin, aliyekaa na Wagiriama wa Kaloleni, aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1972. Akaeleza pia kwamba baadhi ya wakulima wenye bidii walitamani kuweka akiba, lakini wajibu wa kunywa na kunywesha ukawa unawamalizia mali. Wako walioshikwa na pepo wa Kiislamu, na pepo huyo akawataka waache tembo na nyama isiyochinjwa kwa sheria. Jirani hakuweza kumlaumu mtu kwa amri ya pepo. Tafakarini jinsi ilivyo vigumu kukataa kikombe cha rafiki, hata mtu ahitaji pepo wa kumsemea!

Basi mwenye sare naye tumtazame. Nani humkatalia askari? Akiingia mahali pa pombe, muuzaji hutabasamu na kumpa kiti cha mbele. Akisahau kulipa, hakuna anayemkumbusha. Akizidisha, hakuna anayethubutu kusema inatosha. Yeye hudhani amependwa, kumbe ameogopwa. Na tazameni matokeo yake. Polisi aliyekunywa bure jana hawezi leo kuuliza kilichofichwa nyuma ya kibanda, kwa sababu kikombe kile kimekwisha kumfunga mdomo. Siku ile sumu itakapouzwa pale, watakaokufa ni majirani zake, na huenda ni wenzake wa kambini. Hivyo kikombe cha bure kina bei, ila bei hiyo hulipwa na mtu mwingine.

Hasara yake ya pili iko juu ya mti. Tumekwisha kusema kwamba kila kibuyu ni safari ya mtu mmoja na kotama yake. Anayekunywa bila kulipa hamdhulumu mama muuzaji peke yake. Amemdhulumu pia yule aliyepanda alfajiri, ambaye hata sura yake hajaiona. Kwetu sisi mahali pa mgema pamekaliwa na mwanamke asagaye wimbi la malwa na mzee akamuaye ndizi za tonto. Jasho ni lile lile.

Kwa sababu hiyo naona likizo ya Pwani ni shule nzuri. Huko Kaloleni cheo chako hakijulikani. Wewe ni mgeni miongoni mwa wageni. Utalipa kabla ya kuongezewa, utangoja zamu yako, na mama akikuambia imetosha, imetosha. Hata saa si zako. Sheria ya vileo ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka saa za kuuza pombe na ikakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18, na kwa katiba ya mwaka huo huo utoaji wa leseni uko mikononi mwa kaunti. Uliza saa za mahali ulipo, uzifuate, usije ukaharibu likizo yako katika kituo cha polisi cha nchi ya watu. Kisha ukirudi Uganda, urudi na tabia hiyo. Acha sare nyumbani, lipa kikombe chako mbele ya watu, na umpe muuzaji ruhusa ya kukwambia basi.

Nina neno kwa akina mama pia. Katika safari, fedha za starehe zitengwe kabla ya kuondoka nyumbani, katika bahasha yake, mbali na nauli ya kurudi na ada ya shule. Bahasha ikiisha, starehe nayo imekwisha, wala pasiwe na mjadala. Na mama apendaye kuonja tembo, aonje akiwa ameketi na mumewe mchana, wakati tembo lingali tamu. Lakini mjamzito na anayenyonyesha wasiliguse. Wao wana dafu, nalo hutoka katika mti ule ule.

Watoto wasiletwe mangweni. Waacheni ufukweni na mtu mzima wa kuwaangalia, maana bahari nayo haina huruma kwa mtoto asiye na mwangalizi.

Mwenye kupata nafasi, basi, na aende Rabai au Kaloleni, aketi chini ya makuti wakati mgema anaposhuka na kibuyu cha jioni, anywe kilicho chake, alipe, aage wazee, na afike kwa mkewe kabla taa hazijazimwa. Ataweza kusema ameiona Pwani.

Hadi juma lijalo, nawatakieni safari njema na marejeo mema.