Discipline si Fimbo
Hakuna neno la Kiingereza linaloonewa na walimu wetu kama discipline. Mwalimu akisema, "Huyu nitamtia discipline", mtoto hutafuta pa kujificha. Kumbe asili yake ni Kilatini, discipulus, yaani mwanafunzi. Ndiyo maana hata somo kama fizikia au historia Waingereza huliita discipline.

Ni kweli, wenyewe hulitumia pia kwa maana ya adhabu. Lakini sisi tumeshika tawi tukaacha shina. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne. Hazikusema kwamba kiboko ndicho nidhamu.

Nimefundisha walimu chuoni miaka mingi, nami nasema: darasa linalotulia kwa kuogopa fimbo halina nidhamu, lina woga. Mwalimu na atoke nje, mtasikia.