PIKIPIKI MBILI ZILIZOTUMIKA, HELA YA MOJA: CHUKUA ILE UNAYOJUA ILIKOTOKA

Tangu niposti kwamba siku hizi napeleka mizigo ya wateja kwa pikipiki yangu mwenyewe, inboksi imejaa swali moja: "Nina kama milioni moja na laki nane, nimeona Boxer CC 150 iliyotumika na TVS CC 125 iliyotumika, nichukue ipi?"

Jibu langu ni fupi na wengine halitawapendeza. Chukua ile ambayo unamjua mwenye nayo na unajua kazi iliyokuwa inafanya, hata kama ina sura mbaya na CC ndogo. Jina la kampuni liwe swali la mwisho. Zote mbili zinatoka India, spea zake zimejaa Kariakoo mpaka wilayani, na fundi yeyote wa kijiweni anazijua. Pikipiki ikishatumika miaka mitatu, aliyeitumia ana maana kuliko aliyeitengeneza.

Naongea kama muuza viatu na mabegi mtandaoni. Nimeishia form four, ufundi sijasomea. Ila nimekaa vijiweni kwa mafundi nikiuliza mpaka wakanichoka, na hela iliyonunua pikipiki yangu ilitoka kwenye mzigo wa dukani, haikutoka kwenye mshahara. Hapo ndipo sisi tunapotofautiana na mtu wa ofisini. Yake ikilala gereji anapanda daladala, maisha yanaendelea. Yangu ikilala, zimelala oda sita. Mteja wa Mbagala anaandika "bado tu?", wa Tegeta anaomba hela yake irudi, na wa tatu anaenda kuandika kwenye posti yangu kwamba mimi ni tapeli. Kwa hiyo ukiwa unapiga hesabu ya bei, weka na siku ambazo pikipiki itakaa chini.

Mimi mbele yangu zilikuwa mbili. Ya kwanza CC 150, shilingi 1,850,000, imepigwa rangi inang'aa, siti mpya, geji inasoma kilomita 19,000, inauzwa na dalali. Ya pili CC 125, shilingi 1,600,000, tangi limechubuka, tairi ya nyuma imeisha, geji inasoma kilomita 41,000, inauzwa na mwalimu aliyekuwa anaendea shuleni na kurudi. Sitaji kampuni kwa sababu kasoro nitakazosema ni za matumizi, zingeweza kuwa kwenye pikipiki yoyote. Nilichukua ya mwalimu. Nawapa vitu vilivyoniamulia, na wewe upime hivyo hivyo.

1. INJINI IKUTE YA BARIDI
Mwambie muuzaji unakuja asubuhi na asiiwashe. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini wameipasha. Pikipiki yenye matatizo huwa inajitaja ikiwa baridi: inagoma kuwaka, inapiga kelele juu kwenye valvu, inatoa moshi.

Moshi usome vizuri. Hizi ni injini za mipigo minne. Oili inakaa chini peke yake, haichanganywi na petroli kama zile za zamani za mipigo miwili, ambazo moshi ulikuwa kawaida yake. Kwa hiyo ukiona moshi wa bluu kwenye ya mipigo minne, ujue oili inapita pasipotakiwa na kuungua. Mara nyingi ni ringi za pistoni au sili za valvu zimeisha. Moshi mweusi ni petroli inayozidi, hilo mara nyingi ni kabureta au chujio la hewa, halitishi. Ile ya dalali ilitoa bluu kila nilipovuta mafuta. Dalali akasema "ni baridi tu hiyo". Baridi gani, Dar es Salaam?

2. OILI
Chomoa kijiti cha kupimia oili. Nyeusi maana yake imechelewa kubadilishwa, hiyo inasameheka. Ikiwa ya maziwa maziwa, maji yameingia, na mji wetu huu unaujua mvua zikinyesha Jangwani. Ikiwa na vichembe vinavyometameta, hicho ni chuma kinasagika ndani. Rudisha kijiti, aga, ondoka.

3. USIIAMINI GEJI
Geji nyingi za pikipiki hizi zinaendeshwa na waya unaotoka tairi ya mbele. Ukichomolewa, pikipiki inatembea na kilomita hazisogei. Angalia vitu ambavyo watu husahau kubadilisha: raba za kukanyagia, gia ya mguuni, mipira ya mikononi. Kilomita 19,000 halafu raba ya kukanyagia imelika mpaka chuma? Hapana.

Angalia na kibao. Namba nyeupe ni pikipiki iliyosajiliwa kibiashara, ya njano ni ya mtu binafsi. Bodaboda inaamka saa kumi na moja alfajiri, inapiga mishikaki mpaka usiku, kila siku ya Mungu. Kilomita 41,000 za mtu mmoja anayekwenda kazini zinaweza kuwa nyepesi kuliko 19,000 za kuandikwa. Sisemi usinunue kabisa iliyokuwa bodaboda. Nasema usiinunue kwa bei ya isiyokuwa bodaboda.

4. CHENI, TAIRI NA SHOKAPU
Meno ya spoketi yakichongoka kama ya papa, cheni na spoketi zote zinabadilishwa pamoja. Shokapu za mbele zikivuja oili, bonyeza uone zinarudi vipi. Inua tairi ya mbele, zungusha usukani taratibu, ukikwama katikati beringi imekufa. Halafu simama nyuma uangalie kama tairi mbili zipo mstari mmoja. Zikipishana, huenda iliwahi kuanguka vibaya na fremu imepinda.

Hapa ndipo ya mwalimu ilikuwa mbovu: cheni, spoketi, tairi ya nyuma, viatu vya breki. Nilitumia kama 130,000 kurekebisha vyote na ufundi ndani yake. Lakini hivyo ni vitu vinavyoonekana kwa macho, bei zake unaziuliza dukani kabla hujalipa. Injini iliyochoka bei yake unaijua ikishafunguliwa.

5. KADI NA MKATABA
Hiki nimekiweka mwisho lakini ndicho kinachoweza kukumaliza. Pikipiki nyingi mtaani ni za mkataba. Kijana analeta hesabu kwa mwenye chombo mpaka amalize, ndipo apewe kadi. Sasa kuna wanaouza kabla ya kumaliza. Unalipa, wiki mbili baadaye mwenye chombo anakuja na polisi, na hela yako imeenda.

Fanya hivi. Soma namba ya chesisi na namba ya injini kwenye pikipiki yenyewe, ulinganishe na kadi halisi, kopi usiikubali. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Ingia kwenye mfumo wa TMS wa trafiki, weka namba ya pikipiki uone kama ina faini. Andikishaneni mbele ya mwanasheria, halafu mkabadilishe umiliki TRA, usikae na kadi ya jina la mtu. Dalali wangu alisema kadi "ipo Morogoro kwa kaka". Ya mwalimu ilikuwa kabatini kwake, jina lake, na risiti ya dukani aliponunulia.

Najua mtanibishia. Wapo watakaosema CC 150 ina nguvu na ukija kuiuza inashika bei. Ni kweli. Kama unauza mitungi ya gesi, viroba vya unga au vinywaji, au upo Mbeya au Lushoto kwenye milima, tafuta 150, mia moja ishirini na tano utaitesa. Lakini pima mzigo wako kabla ya kutamani. Boksi langu likijaa viatu halifiki kilo ishirini, na kutoka Kariakoo hadi Kimara foleni ndiyo inaamua mwendo. CC ndogo pia mafuta inakula kidogo, na mafuta unalipa kila siku, wakati kuuza utauza mara moja.

Wengine watasema ya dalali ingefunguliwa injini ikawa kama mpya. Sawa, jumlisha: 1,850,000, ongeza kufungua injini, ongeza siku za gereji, ongeza kadi ambayo hujaiona. Hapo ile bei uliyoiona mwanzo imeshapanda.

Na kabla ya yote, hesabu oda zako za mwezi mzima. Kama unapeleka mzigo mmoja au miwili kwa siku, mlipe bodaboda, hela yako ibaki kwenye bidhaa. Ukifika minne, mitano kila siku, hapo pikipiki inajilipa. Na ukinunua usimalize hela yote. Bakiza angalau laki mbili za marekebisho, bima, kofia ngumu, na leseni kama huna.

Lipa fundi wako mwenyewe aje kuangalia, asiwe fundi aliyeletwa na muuzaji. Muuzaji akikukatalia fundi, ameshakujibu.

Aliye na pikipiki mbili anazoziwaza sasa hivi, aandike kwenye komenti: CC ngapi, bei, anayeuza ni nani, kadi ipo wapi. Tutaangalia pamoja kabla hujatoa hela. Na mtagi mwenzako ambaye keshokutwa anaenda kwa dalali.