Usiuze redio ya pikapu bila antena

Wauzaji wenzangu, leo naongea na mnaouza vifaa vya magari mtandaoni. Tangazo la redio ya CB, ile redio ya upepo ya kufunga kwenye pikapu, mara nyingi linakuwa hivi: picha ya redio, "inashika mbali, haihitaji vocha", bei, njoo inboksi. Antena haitajwi. Kwa mtazamo wangu hapo hujauza, umekopa ugomvi. Redio ni nusu ya mzigo. Nusu nyingine ni antena na ufungaji, na hiyo ndiyo inayoamua kama mteja atarudi kununua au atarudi kudai hela yake.

Jua unachouza. CB ya Marekani ina chaneli 40, kuanzia 26.965 hadi 27.405 MHz. Kule madereva wa malori hukutana chaneli 19, na chaneli 9 ni ya dharura. Nguvu yake kwa AM ni wati 4 tu, chini ya taa ya LED ya sebuleni. Kwa hiyo hakuna muujiza. Gari kwa gari tegemea kilomita chache, zaidi kidogo mkiwa sehemu ya wazi, pungufu mkiwa kwenye milima au majengo. Ukiandika "kilomita 50" kwenye posti, jiandae kuzijibu.

Kinachoziokoa hizo wati 4 ni antena. Wimbi la masafa haya lina urefu wa kama mita 11, ndo maana antena ya robo wimbi inakaribia mita 2.7. Fupi zipo na zinafanya kazi, ila kadiri inavyofupishwa ndivyo unavyopoteza umbali. Halafu bati la gari nalo ni sehemu ya antena. Ikifungwa katikati ya paa inafanya vizuri kuliko ikibanwa kwenye bampa. Ikifungwa kwenye bodi ya mbao au faiba bila kugusa bati, antena ya kawaida itamwangusha mteja.

Ikishafungwa, ipimwe kwa kipimo cha SWR. Ikisoma 1.5 au chini, safi. Ikizidi 3, mteja asibonyeze kuongea, anaweza kuunguza redio. Kuongea bila antena kabisa ni hatari zaidi, na mteja uliyempa redio peke yake atajaribu usiku huohuo. Kesho asubuhi yuko inboksi.

Kabla hujapokea hela, uliza haya matatu:

1. Unataka kuongea na nani? CB hii haisikilizani na redio za VHF, kama zile zinazotumika kwenye magari ya utalii. Haisikilizani hata na CB ya UHF ya Australia, iliyo kwenye 477 MHz, japo boksi nalo limeandikwa CB. Mteja akaulize kwanza wenzake wako masafa gani.

2. Gari lina volti ngapi? Pikapu nyingi ni 12, lakini Canter na Fuso nyingi ni 24. Redio ya volti 12 ikipigwa 24, kwaheri. Fundi avute waya mpaka kwenye betri na aweke fyuzi karibu na betri, asidandie waya wa taa.

3. Kibali je? Masafa yana mwenyewe. Tanzania ni TCRA, Kenya ni Communications Authority, na kote huko kifaa kinatakiwa kithibitishwe. Hili linakuhusu na wewe muuzaji, siyo mteja peke yake. Uliza kabla hujaagiza mzigo.

Najua mtasema: nikieleza yote haya mteja atakimbia. Wengine watakimbia kweli. Lakini piga hesabu. Redio ikirudi imeungua, huiuzi tena. Nauli ya basi ya kwenda na kurudi unalipa wewe. Na komenti moja ya "hawa matapeli" inasomwa na kila anayefungua ukurasa wako, hata aliyekuja kununua taa.

Ushauri wangu: uza seti. Redio, antena, kitako chake, kebo, fyuzi, bei moja. Tafuta fundi mmoja mwenye kipimo cha SWR, elewaneni, na namba yake iende na kila mzigo. Mteja akishindwa bei ya seti, usimkatie redio peke yake. Na kama njia anayopita ina mtandao wa simu mwanzo mwisho, mwambie ukweli kwamba simu yake inamtosha. Hapo utakosa mauzo ya leo, ila siku rafiki yake anayefanya kazi porini akitafuta redio, ataelekezwa kwako.